Sakafu ya Waridi Bila Kulipa

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu Remei kaenda mji wa Reus kwa dada yake. Anarudi Jumapili mchana. Kaacha amri moja: nikachukue vigae dukani kwa Galceran, nivitandike jikoni, lile zulia la plastiki la marehemu baba litoke. Akilikuta bado lipo, hafungui hata begi. Anageuza na kukaa Reus mpaka joto liishe. Na hatanii. Mwaka jana aliondoka kwa ajili ya bomba linalovuja.

Nilikwenda kwa Galceran. Vigae ni vizuri, sikatai. Nyota za kijani, mtindo wa zamani, bei nafuu. Lakini nyota za kuchapwa! Na Barcelona nzima watu wanakarabati nyumba za bibi zao na kutupa vigae halisi! Nikamwambia Galceran avirudishe kwenye rafu. Aliuliza kama Remei anajua. Umbea tu.

Remei atapata vigae halisi. Na bure!

Jumatano, 5 Juni

Jioni ya mtaa wetu kutoa vitu vikuukuu kando ya barabara. Ruhusa inaanza saa mbili. Nilishuka saa mbili kasorobo. Bi Assumpta, mjane wa ghorofa ya chini, alikuwa ameshafika na kigari chake cha sokoni. Ana miaka sabini na minane, mama huyu!

Tuliliona gunia la vigae kwa pamoja. Nililishika mimi kwanza. Akasema yeye aliliona tangu yuko dirishani. Tukavutana, gunia likapasuka. Yeye kapata thelathini na kimoja. Mimi tisa, tena viwili vina nyufa.

Aliniuliza vigae tisa ni vya jikoni au vya kulalia paka. Nilivipandisha vyangu kwangu ghorofa ya nne bila kugeuka nyuma.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeling'oa zulia. Chini yake vigae vyeusi tii, vimegandwa na gundi ya miaka hamsini. Vyeusi vitupu! Baba hakuwa na jicho la uzuri. Nikavibandua kimoja kimoja. Chokaa ya zamani haishiki. Hata kile cha chini ya sinki, chenye tundu la bomba, kilitoka kizima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama mpaka kiuno kikalia.

Mbele ya jengo kuna kontena la kifusi la daktari wa meno wa ghorofa ya tatu, anayekarabati kwake. Nilingoja aende kazini, nikavitia vyote humo. Safari kumi na nne za ngazi! Werevu wangu wakati mwingine hunitisha mwenyewe.

Sasa jikoni ni mchanga mtupu. Nimekula mkate uliosuguliwa nyanya nimesimama sebuleni. Zimebaki siku tatu.

Ijumaa, 7 Juni

Bi Assumpta kaketi mlangoni pa jengo na beseni, sabuni na kisu butu. Anakwangua na kuosha vigae. Nilipita kama simwoni. Halafu nikaona. Waridi jekundu! Majani ya buluu! Ana rundo zima.

Nikamwuliza kavitoa wapi. Akasema kontenani. Kumbe daktari wa meno! Nikasema mtu anayetupa mali kama hii hana akili. Akaacha kukwangua.

"Hana hata chembe, mwanangu," akasema. "Na ukimwona, mzima wa afya."

Tulicheka sana. Kwa mara ya kwanza nilimpenda.

Masharti yake: nimpe vigae vyangu tisa, nimpakie rangi madirisha, Jumatano nimtolee godoro lake kuukuu, na Jumapili aje kunywa divai ya vermuti juu ya sakafu mpya. Nilikubali kabla hajafikiria sharti la tano. Kanionya pia nisivioshe kwa tindikali, itakula rangi.

Jumamosi, 8 Juni

Safari kumi na nne za ngazi, za kupanda. Nimetandika kutwa.

Muujiza! Vimetosha kamili. Hakikupungua hata kimoja, hakikuzidi hata kimoja. Tena kimoja kina tundu, na tundu limeangukia bomba la sinki sawasawa! Bila shaka jiko la daktari lilijengwa na fundi yule yule. Niliimba kazi nzima.

Jumapili, 9 Juni

Remei alisimama mlangoni, begi mkononi. Akaliweka chini. Akavua viatu, akatembea pekupeku juu ya waridi, akalia. Alisema jiko la bibi yake lilikuwa hivi hivi. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, sijawahi kumliza kwa furaha. Nami nililia, sifichi.

Bi Assumpta akaja na bakuli la zeituni. Remei alikuwa akilitazama lile tundu la bomba. Akaniuliza vigae vya chini ya zulia nilivitupa wapi. Nikasema kontenani. Na hivi Bi Assumpta kavitoa wapi? Nikasema kontenani. Wakatazamana wale wawili, wakacheka mpaka vermuti ikamwagika. Furaha imewazidi. Remei alinibusu kwenye kipaji cha uso, akaniomba nisibadilike kamwe.

Sitabadilika! Bafuni kuna zulia lile lile la baba. Nimelifunua pembeni: chini yake vyeusi vitupu. Kontena linaondolewa Jumanne, kwa hiyo kesho asubuhi navitupa vyote. Nimemwomba Bi Assumpta anitafutie vingine vizuri. Amesema ana uhakika atavipata, na beseni lake ameliacha pale pale mlangoni.