Nukta Iliyomkumbatia Mama Mkwe

Leo nimeaibika mchana kweupe, nje ya soko la Nakasero hapa Kampala, na mashahidi ni watu wote waliokuja kununua nyanya. Nawasimulia mwenyewe kabla video haijawafikia.

Kwa wasiojua, kazi yangu ni kutembeza watu kwenye kompyuta. Si watu hasa, ni nukta. Kila nukta naipa mwendo wake, inakokwenda, na umbali wa kukaa na wenzake. Halafu nawaambia wahandisi wa mji njia ya miguu itaziba wapi. (Ndiyo, nalipwa.) Nukta zangu zina adabu. Zikikutana, kila moja inapita kulia. Hazigusani kamwe.

Sasa, Jumamosi hii nakwenda kutambulishwa kwa kina Sanyu, mchumba wangu. Mimi mtu wa Bukavu, yeye Muganda. Kanionya jambo moja tu: kwao mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Hakuna kupeana mkono. Mkikutana njiani, unampisha mbali. Ukimgusa, wazee wanasema mikono itatetemeka maisha yako yote.

"Ukiharibu hilo, hakuna harusi," akasema.

"Sanyu, kutogusana ndiyo kazi yangu," nikamjibu. (Mdomo huu!)

Leo nimemleta bosi na wahandisi wawili waone programu inavyofanya kazi barabarani. Nikavaa fulana ya njano ya kung'aa na kutangaza kwamba nitatembea kama nukta, kwa kanuni zangu mwenyewe, toka lango la soko hadi kwenye kona. Bosi akawasha kamera ya simu.

Nikaanza vizuri. Bodaboda ikapanda njia ya miguu, nikaikwepa kulia. Mwanamke kapanga nyanya zake juu ya gunia chini, nikapita kulia. Nikageuka nikampungia bosi mkono. Nilipotazama mbele, nikaona gomesi la zambarau, lile vazi la akina mama wa Kiganda, na kapu la maparachichi. Mama Sanyu! Tunajuana kwa picha.

Naye akaniona. Nikaenda kulia kama kanuni inavyosema. Yeye hana kanuni zangu, ana mila zake: akafunika uso kwa mkono, akanipa mgongo, akasimama pale pale nipite. Nipite wapi? Kulia ukuta, kushoto nyanya.

Nikasimama. Katika programu yangu hakuna anayesimama. Nyuma yangu mchukuzi alikuwa anakuja na gunia la vitunguu kichwani, anaita apewe nafasi, "Fasi! Fasi!" Fasi ikawa mgongo wangu.

Nikamwangukia mama mkwe. Ili asianguke nikamshika, mikono yote miwili, kiunoni. Na nyuma watu wakazidi kujaa, tukabanwa hivyo hivyo. Nikasema kwa heshima zote, karibu kabisa na sikio lake, "Habari za mchana, mama."

"Niachie, mtoto wa watu."

"Siwezi, mama. Njia imeziba."

Mwenye nyanya akatutazama kwa huruma. "Mshike vizuri, ssebo, bwana wangu, mama asianguke."

Kwa mbali nikamsikia mhandisi mmoja akimuuliza bosi, "Na hii iko kwenye programu?" Bosi alikuwa anarekodi.

Tulipoachiana, mama akaokota maparachichi yake bila kunitazama, akaenda. Mimi nikabaki pale na fulana yangu ya njano. Nampenda Sanyu, jamani. Nilitaka kulia.

Jioni Sanyu kapiga simu. "Mama amefika. Mikono inamtetemeka."

"Ugonjwa?"

"Hasira."

"Na Jumamosi?"

"Wazee wamekubali uje. Ila msemaji wako ndiye atakayeingia. Wewe utakaa ng'ambo ya barabara, na mama kasema kamba ifungwe usivuke."

Basi, nitaposa kwa kupunga mkono kutoka ng'ambo. Atakayecheka hapa, wali wa harusi yangu hataula.