Siku Mama Mkwe Alipobariki Kiota

Leo nimeaibika nyumbani kwangu mwenyewe, mchana kweupe. Sikuwa nimekwenda kokote kuitafuta aibu. Imepanda gari Thika, ikashuka Ruiru, ikapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, ikabisha hodi. Acha niwasimulie mapema kabla hamjaisikia kwa wengine (maana hao wengine ni wanawake kumi na wawili, na wote wana simu).

Kwanza mnijue. Mimi ni Wafula, mtu wa Bungoma. Nilikuwa fundi wa mashine ya nyuzi kule Thika, Eneo la Viwanda, mpaka miezi minne iliyopita nilipoacha kazi ili nifinyange mapambo. Sisemi vyungu. Nasema ule udongo wa rangi wa plastiki unaoitwa polima, laini kama unga wa chapati uliokandwa, ambao haukaushwi juani. Huokwa kwa moto mdogo ndipo ugande. Nafinyanga maua, ndege, vitu vya kupamba kabati. Mke wangu Njeri ananiunga mkono kabisa. Mamake alikuwa hajaambiwa. Njeri alimwambia tu niko "kwa biashara," naye akaridhika, mpaka watu wakaanza kumnong'oneza kwamba mkwe wake ameacha mshahara na siku hizi anacheza na tope kama mtoto wa nasari.

Leo nilikuwa naoka kiota. Kiota cha ndege cha pambo, alichoniagiza mama mmoja mwenye saluni hapa Ruiru. Siku tatu nzima nimesokota nyuzi za kahawia nyembamba kama tambi, moja moja, nikizipindanisha juu ya kibakuli cha foili mpaka zikakaa kama vijiti alivyookota ndege mwenyewe. Ndani nikaweka mayai matatu ya samawati, madogo kama ya kware, yenye madoadoa. (Madoadoa niliyarusha kwa mswaki wa Njeri. Nilidhani ni wa zamani.)

Shida ni kwamba sina oveni. Basi nikafanya wanavyofanya akina mama wa hapa wakitaka kupika keki: sufuria kubwa, mchanga chini, kiota ndani juu ya kisahani cha bati, mfuniko, makaa kidogo chini na makaa kidogo juu ya mfuniko. Jiko nikaliweka balkoni, pale tunapoanika nguo. Mmeshaona tunakoelekea? Mimi sikuona.

Saa nane hivi, hodi. Nikafungua mlango nikiwa na kaptura na aproni ya Njeri yenye maua.

Mama mkwe! Peke yake! Na Njeri aliniambia atakuja Jumapili, na Njeri mwenyewe yuko kazini Githurai 45 kwenye duka la dawa!

Hapa lazima mnielewe. Nilivyolelewa mimi, mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono, humtazami machoni, hukai naye chumba kimoja mkiwa wawili, na kumpinga neno ni kama kuutukana ukoo mzima. Mama Njeri naye ni Mkikuyu wa Thika, anauza mitumba, na hukumbatia kila mtu. Alipokuja mbele nikarudi nyuma. Tukaizunguka meza mara moja na nusu.

"Wafula, kwani niko na ugonjwa?"

"Hapana, Mama. Karibu, Mama."

Hakuketi. Alisimama na mkoba wake akakagua rafu, akakagua chini ya meza, kana kwamba mshahara wangu wa zamani umejificha humo.

"Nimekuja kujionea mwenyewe," akasema. "Nimeambiwa mambo."

"Mambo gani, Mama?"

"Nitakuuliza. Wacha kwanza nipate hewa."

Akaenda balkoni kupata hewa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kujitetea, na yote yalikuwa mabovu. Kisha nikasikia sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Ngai fafa! Mungu wangu! Wafula! Ni wewe unapika keki?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Naapa nilifungua! Lakini alikuwa amegeuka, mkono kifuani, macho yamejaa machozi.

"Miaka thelathini na mbili nimeolewa," akasema. "Baba Njeri hajawahi kunichemshia hata maji ya chai. Na wewe, mtoto wa watu, umesikia nakuja ukaniwekea keki kwa moto."

"Mama, hiyo kitu..."

"Nyamaza! Usiniharibie sapraizi."

(Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Semeni ukweli.) Mtu amekuja kunihukumu, sasa ananililia kwa furaha. Nikanyamaza. Na sitawadanganya, nilipenda kusifiwa. Miezi minne hakuna aliyenisifu isipokuwa Njeri, na Njeri ni mke wangu, hana budi.

Nikamwandalia chai. Akaikataa. Chai bila keki ni ya nini? Tutangoja. Tukangoja. Chai ikaota ngozi juu. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu, yeye anatazama balkoni kwa mapenzi.

Baada ya muda akainua pua.

"Umeweka nini kwa hiyo keki? Inanuka kiatu kipya."

"Ni ladha mpya, Mama." (Ladha mpya! Mimi Wafula!)

"Na huo moto ni kidogo. Keki haiwezi kuiva hivyo."

Kabla sijainuka alikuwa ameshachukua koleo na kurundika makaa mengine juu ya mfuniko. Jamani, udongo huu ukizidishiwa moto huungua na kutoa moshi mbaya. Kazi ya siku tatu! Nikangoja ageuke, nikayapunguza. Akarudi, akaona yamepungua, akaongeza. Alipoingia kunawa mikono nikayapunguza tena. Mara ya tatu akaanza kulalamika kwamba makaa ya Ruiru ni ya wezi, yanaisha ukiyaangalia.

Nikamwandikia Njeri: "Mama yuko hapa. Anadhani kiota ni keki."

Akajibu: "Ebu mwambie ukweli!!!" Kisha baada ya dakika moja: "Usimwambie. Nakuja."

Sasa sikilizeni. Mama Njeri akasema hawezi kula kitu kama hiki peke yake. Akatoa simu akampigia dadake, Tata Wairimu, simu ya video. Na leo chama chao kizima, cha akina mama wa kuchangiana pesa, kilikuwa kimekutana kwa huyo Tata Wairimu huko Thika. Akaiegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, kioo kikajaa nyuso na vitambaa vya kichwa.

"Si nyinyi mlisema mkwe wangu hana kazi, anacheza na tope?" akawauliza. Kumbe ndio hao! "Haya angalieni. Ananipikia keki! Wakwe wenu wamewahi kuwapikia nini?"

"Wangu hunipikia uongo tu!" mmoja akajibu, na wote wakaangua kicheko.

Akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Hapo nikaona haya si ya kufanyia mzaha tena, maana sasa alikuwa ameweka jina lake rehani kwa ajili yangu, mbele ya watu wake. Nikasafisha koo.

"Mama, kabla hujafungua..."

"Eeh, umesema vizuri. Kabla ya kufungua tuombe."

Akafumba macho. Chama kikafumba. Akamshukuru Mungu kwa mkwe huyu. Akaiombea mikono iliyokanda. Akawakumbuka wanawake wote wasio na wakwe wa kuwapikia. Akaibariki keki, akaiita keki, mara nne. Sauti kumi na mbili zikaitikia "Amina!" kutoka kwenye mkebe wa sukari. Na mimi nikaitikia.

Tukaileta sufuria mezani. Akafunua mfuniko.

Niruhusuni nijisifu kidogo: kiota kilikuwa kimetoka vizuri ajabu. Nyuzi zimekaza, mayai yametulia ndani kana kwamba yametagwa asubuhi.

"Aii! Wafula! Umefanya keki ya kiota?"

"Ni kiota, Mama."

"Si naona ni kiota! Wairimu, unaona? Vijana wa siku hizi! Iko hadi na mayai!"

Akachukua kisu akakidunga ubavuni, vile watu hupima keki. Sasa, udongo huu ukitoka motoni huwa bado ni laini kidogo. Kisu kikaingia. Kikatoka kisafi kabisa.

"Imeiva!" akatangaza. Chama kikapiga makofi.

Akang'oa yai moja kwa kitambaa, akalipuliza fuu, fuu, fuu, akalipeleka mdomoni.

Nilifundishwa kwamba mama mkwe haguswi. Sikufundishwa la kufanya akitaka kumeza plastiki. Niliruka juu ya stuli, nikamkamata mkono kwa mikono yangu miwili, na yai nikalipokonya katikati ya meno yake!

Simu ikalipuka.

"Anamnyang'anya!"

"Uuui! Anamnyima mama mkwe!"

"Mayai ni matatu na bado anamnyima!"

Na Njeri akaingia wakati huohuo. Akakuta nimemshika mamake mkono, mamake ana kisu, sote wawili tunahema.

"Wafula! Unamfanyia nini mamangu?"

"Ni udongo!" nikapiga kelele. "Si keki, ni udongo! Ni kiota cha kuuza! Niliacha kiwanda, Mama. Nafinyanga udongo. Waliokuambia walikuambia ukweli!"

Nikamwachilia mkono. Njeri akafunga mlango polepole, nadhani ili majirani wasisikie nikifukuzwa.

Mama Njeri akaketi. Akalichukua lile yai mkononi mwangu, akaligeuzageuza, akaona alama ya jino lake. Kisha akakivuta kiota karibu akakichunguza, uzi mmoja mmoja, muda mrefu sana. Niliogopa kuliko siku ya kupeleka mahari.

"Hii umefanya na mikono?"

"Ndiyo, Mama."

"Na watu hununua?"

"Hununua, Mama. Hicho ni cha saluni moja hapa chini."

"Na mimi nimekiombea."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ukasema amina."

"Ndiyo, Mama."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua analia, na Njeri akakimbia kumshika. Kumbe ni kicheko! Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, akapiga meza, akajaribu kusema neno akashindwa.

Alipopata pumzi akaigeukia simu.

"Nyinyi wanawake! Mlisema ni tope. Tope gani hii? Mimi nimepika keki miaka yote ya ndoa, na hii nimeiweka kwa mdomo bila kujua!"

"Kwa hivyo huyo mkwe ni mzuri ama si mzuri?" Tata Wairimu akauliza.

Mama Njeri akanitazama kutoka juu hadi chini, kaptura, aproni ya maua na yote.

"Mikono anayo," akasema. "Kichwa bado tunatafuta."

Hivi ninavyowaandikia, nimetumwa kukoroga unga. Amekataa kuondoka bila keki, anasema njaa ya keki aliyotiwa leo haiponi kwa ugali. Njeri ananunua hamira dukani na najua anaficha kicheko huko. Kiota ameshakifunga kwenye leso, kinaenda Thika kwa kabati lake, hajauliza mtu. Mama wa saluni itabidi aningojee siku nyingine tatu.

Tafadhali msicheke. Na mama mkwe akikusifu kwa keki ambayo hukupika, kanusha upesi. Ikishafika amina, hiyo ni keki.