Noti Iliyomo Katika Sikio la Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Naomba radhi kuanza kwa malalamiko. Mlio wa sikio la kushoto umezidi. Nimekwenda hospitali ya Mulago. Daktari Akeyo, binti mwenye adabu, ameeleza kwamba sikio limezeeka. Ubongo, kwa kukosa sauti ulizozizoea, hujitungia mlio wenyewe. Akauliza naishi na nani. Nikajibu: na viti, tangu marehemu mke wangu aondoke. Akashauri redio, kwa sauti ya chini. Ubongo ukiridhika kwamba mlio hauna hatari, utaacha kuusikiliza.

Alhamisi, 7 Agosti
Ugunduzi! Nimeulinganisha mlio na kinanda cha shule ya Jumapili. Ni noti ya G kamili! Kwaya yetu huimba bila ala, kama tulivyofundishwa misheni. Lazima mtu atoe noti ya kuanzia. Bwana Khisa, mwimbaji mwenzetu, huitoa kwa kinanda kilichomo kwenye simu yake. Mimi, tangu sauti inikauke, hugawa vitabu. Sitanunua redio.

Jumapili, 10 Agosti
Simu ya Bwana Khisa ilizimika. Nikasikiliza ndani, nikaitoa G. Kwaya ikapaa! Kiongozi wa kwaya ametangaza kwamba noti ni yangu sasa. Bwana Khisa akasema mimi, Mzee Ulrich, nimemeza kinanda. Nilimwomba radhi. Sikumaanisha sana.

Jumatano, 10 Septemba
Jirani yangu Zuleika, mwenye duka, amekuja na redio. Amesema, “Babu, nyumba yako imenyamaza kama msikiti baada ya Isha.” Akaiwasha mwenyewe. Kuizima kungekuwa utovu wa adabu. Inazungumza tangu asubuhi. Nakiri, chai imekuwa na ladha.

Jumapili, 5 Oktoba
Aibu! Askofu mgeni, kanisa limejaa. Kiongozi akaniinamia. Nikasikiliza ndani. Kimya! Ubongo wangu, bila kuniarifu, umeshauzoea mlio. Kadiri nilivyoutafuta ndivyo nilivyosikia feni tu. Nikatoa noti iliyonijia. Soprano walipanda hadi wakaishiwa pumzi. Ubeti wa pili aliumaliza askofu peke yake.
Nilitoka nje kujificha. Bwana Khisa akanifuata, nikajiandaa kwa kejeli. Akasema, “Pole, Mzee. Hatukuwekei kiti kwa sababu ya noti. Tunakuwekea kwa sababu ni wewe.” Nikamwomba radhi, safari hii kwa kumaanisha.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeyatafakari maneno ya Bwana Khisa tangu alfajiri. Maneno mazito. Yamenigusa mno.
Hata hivyo, wakati nikitafakari nimetambua jambo kuhusu goti langu la kulia. Huuma kila mvua inapokaribia. Leo halina hata dalili! Bwana Khisa anamwoza binti yake Jumamosi, uwanjani. Nimempigia simu mara moja, nikamwomba radhi kwa usumbufu, nikamshauri ayarudishe mahema aliyokodi.
Kisha akaniuliza, kwa heshima kubwa, kama nina hakika.
Ni muda mrefu sijaulizwa kitu kwa namna hiyo. Nikasema ndiyo.