Gauni la Kijani, Bado au Basi

Jumanne, 8 Julai 2025

Kaka Shija kapiga simu asubuhi. Sendofu ya kumuaga binti yake Monika ni Jumamosi ya tarehe 19, na mimi ndiye nitakayemwingiza mtoto ukumbini. Mimi, si Doto. Doto ni pacha wangu, lakini mimi ni Kulwa, nilimtangulia kuzaliwa kwa robo saa, na leo robo saa hiyo imefanya kazi. Monika hana mama. Shangazi atakayemshika mkono kutoka mlangoni hadi meza kuu ndiye mama yake kwa shughuli yote. Wakwe wanatoka Mwanza mjini na wanakuja na mpiga picha wao. Picha itatundikwa sebuleni kwao miaka na miaka. Sitaki mtoto aaibike ukweni kwa sababu ya shangazi.

Nimefunga duka langu la fotokopi mapema, nikafungua sanduku. Gauni la kijani lipo. Satini. Kiuno kimebana, mikono imefura mabegani kama maandazi mawili. Nililishonesha mwaka 2013 kwa kipaimara cha huyohuyo Monika, na siku ile nilikuwa gumzo la parokia. Zipu imepanda hadi juu, mradi nisipumue sana.

Swali ni moja. Bado ni la kisasa, au limepitwa? Nimejitazama kiooni nikaona la kisasa. Nimekwenda kunywa maji, nimerudi, nikaona la kale. Kioo ni kilekile.

Nimemuuliza mume wangu, Athanasi. Kasema limependeza. Hakuinua macho kwenye simu. Nikaenda chumbani, nikajifunga shuka la kitanda, nikarudi kuuliza na hili je. Kasema hilo ndilo limenikaa zaidi. Nimemfuta kwenye orodha ya mashahidi.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata akili. Watu hawasemi ukweli mwenye nguo akiwa amesimama mbele yao. Kwa hiyo mwenye nguo asiwepo. Nimelipeleka gauni kwa fundi Gharib, nyuma ya soko, nikasema ni la mama mmoja wa kule Kimali, kaniomba nimuulizie kama bado linavalika.

Gharib kaligeuza ndani nje. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Kasema mshono huu ulishapita zamani. Moyo ukashuka. Halafu kasema, lakini umerudi. Moyo ukapanda. Akaendelea kwamba Dar umerudi tangu mwaka juzi, Mwanza ndiyo kwanza unaingia, hapa Bariadi haujafika. Nikamuuliza utafika lini. Kasema hilo si swali la cherehani.

Nikamuuliza, huyo mama akilivaa tarehe 19, ataonekana kawahi au kachelewa? Kasema vyote viwili, inategemea nani anamwangalia.

Nilikuwa naondoka akaniita. Kasema nimwambie mama wa Kimali aachie kiuno kidogo, maana ameongezeka. Alikuwa ananitazama mimi. Sijui kamjulia wapi.

Alhamisi, 10 Julai

Sikulala vizuri, ila asubuhi jibu lilikuwa limekuja lenyewe. Doto analo gauni kama hili. Kitambaa kimoja, fundi mmoja, siku moja. Na Doto ana uso wangu.

Kichen pati ya Monika ni Jumamosi hii. Doto avae la kwake. Mimi nivae kitenge, nikae pembeni, nisikilize. Watu wakimsifu, nami nitavaa langu kwenye sendofu kwa amani. Wakimcheka, aibu itakuwa imeishia kwake na mimi nitakuwa na wiki nzima ya kutafuta jingine. Hakuna mwanamke mwingine Simiyu nzima mwenye nafasi ya kujiona akipita.

Doto anafanya kazi kwenye ofisi mpya za wilaya, Lagangabilili, na siku zote huvaa vizuri, jambo ambalo halijawahi kunifurahisha. Nimempigia. Nimemwambia natamani kumwona tena ndani ya gauni lile la kijani, lilimtoa sana. Kauliza kama naumwa. Nimesema hapana. Kasema basi atalivaa, kwa ajili yangu.

Nimejisikia vibaya kidogo. Nimeandika hapa ili hilo liwe limekwisha.

Jumamosi, 12 Julai

Kichen pati. Nimekaa karibu na masufuria ya pilau, daftari kwenye mkoba. Kitenge nilichovaa ni kile ninachofagilia ua. Sikutaka kuvuruga matokeo.

Doto kaingia. Mama Kristofa, mwenyekiti wa kamati, kamfuata moja kwa moja, kamwambia gauni ni zuri mno. Nikaandika moja. Sijafunika hata kalamu, Mama Kristofa huyo, kavuka ukumbi mzima, kaja kwangu, kasema kitenge changu ni kizuri mno.

Nikadhani ni mzaha. Akaja wa pili, akamsifu Doto, akavuka, akanisifu mimi. Wa tatu vilevile. Watu walikuwa wanapishana katikati ya ukumbi.

Ndipo nikamwona Bibi Mwandu. Ni mama yetu mkubwa, kaja kutoka Nkololo, na kiti chake kimewekwa pembeni ya mlango. Kila aliyemsifu Doto, Bibi alimvuta nguo na kumkumbusha kwa Kisukuma kwamba na Kulwa yupo. Kwake yeye pacha hawapewi kitu nusu. Ukimpa mmoja kiazi, mpe na mwenzake. Ukimsifu mmoja ukamruka mwenzake, aliyerukwa ataumwa, na wewe ndiye utakayeulizwa. Tumelelewa hivyo. Hata fimbo tulichapwa sawa, akikosea mmoja. Mimi ni Kulwa mwenyewe, na nimelisahau hilo wakati wa kupanga!

Hadi chakula kinapakuliwa, gauni lilikuwa na sifa kumi na nne. Kitenge cha kufagilia, kumi na nne.

Maana yake nini? Ama gauni ni baya kama kitenge, ama kitenge ni kizuri kama gauni. Nimekunywa soda mbili bila kupata jibu.

Kisha, tunaelekea kuondoka, nikaona jambo. Muzdalifa, binti msusi wa saluni iliyo jirani na duka langu, alikuwa na rafiki yake. Wakatazama mabega ya Doto. Wakanong'onezana. Wakacheka, wakampiga picha kwa nyuma. Nikasubiri waje kwangu pia. Hawakuja. Kicheko chao hakikugawanywa. Basi hicho ndicho pekee cha kweli siku nzima, na kinasema mikono imepitwa.

Jumatatu, 14 Julai

Kwa Gharib tena. Nimemwambia mama wa Kimali kaamua mikono itolewe yote, na shingoni iwekwe lesi. Gharib kauliza kama mama huyo ana uhakika. Nikasema anao. Kauliza kama mama huyo anakumbuka kwamba mkasi haurudi nyuma. Nikasema anakumbuka. Kauliza mara ya tatu, taratibu, akinitazama usoni. Nikasema mama wa Kimali ni mtu wa haraka.

Kakata. Mikono ikabaki mezani, imefura vilevile kama ina mikono ya mtu ndani. Nikahisi baridi mabegani, ingawa sikuwa nimelivaa. Kauliza aifanyie nini. Nikasema aitupe.

Nimelijaribu nyumbani. Sasa ni la kisasa kabisa. Au ni la kulalia. Athanasi kasema limependeza.

Jumatano, 16 Julai

Muzdalifa kaingia dukani. Kaniamkia kwa adabu, kanipa simu, kasema nimchapishie picha moja, kubwa, ya rangi. Nikaifungua. Mabega ya Doto.

Nikamuuliza ya nini. Kasema ni ya kumpelekea fundi. Ndiyo mikono inayovaliwa sasa, tangu mwezi wa tano anaitafuta kwenye simu, hajawahi kuiona kwa macho mpaka Jumamosi. Ndiyo maana walicheka na mwenzake, hawakuamini kuikuta Bariadi, tena kwa mtu mzima. Kasema mama Doto yuko mbele ya wasichana wote wa mji huu.

Nikachapa. Nikachapa nakala tano bila kujua. Akanishukuru, akaniambia nisiache kuvaa kitenge kile, kina amani.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefika kwa Gharib kabla hajafungua. Nikasema mama wa Kimali kabadili mawazo, anataka mikono yake. Kafikiri. Kasema nilimwambia aitupe, lakini satini ile haitupwi, na jana jioni kaja binti na picha anataka mikono ileile. Basi akaipachika kwenye gauni lake jeusi. Imekaa kama imezaliwa nalo. Binti kaondoka nalo akiruka.

Kasema nimfikishie mama wa Kimali shukrani.

Ijumaa, 18 Julai

Sina la kuvaa kesho ila gauni lisilo na mikono. Lakini sijaisha. Doto kaja leo na kulala ni hapa kwangu. La kwake lina mikono. Kesho nitatoka na la kwake, yeye atakuta langu mkobani. Atadhani panya wamekula mikono. Najua panya hawashoni lesi. Hapo mpango una tundu, nililiona, ila muda ulikuwa mfupi.

Alipokwenda kuoga nikafungua mkoba. Nikalitoa gauni. Halina mikono. Shingoni lina lesi.

Nikaenda kufungua kabati langu. Langu lipo. Nikarudi. La kwake lipo. Yote mawili yamekatwa. Nikakaa kitandani, gauni huku na gauni huku, sikujua tena lipi ni lipi wala mimi ni nani.

Doto katoka bafuni kanikuta hivyo. Hakukasirika. Kadhani nimefurahi hadi nimeishiwa nguvu. Kasema Bibi Mwandu alimpigia kaka Shija, kamwambia pacha hawagawanywi, kwa hiyo Monika ataingia katikati yetu, mmoja kulia, mmoja kushoto. Naye Doto alipomuuliza Athanasi kuhusu gauni langu, Athanasi kamwambia nimetoa mikono. Kumbe mwanamume huyu huona, ila si wakati wa kuulizwa. Basi leo asubuhi Doto aliposhuka Bariadi alikwenda kwa Gharib, kasema akate lake lifanane na la Kulwa. Hakutaka nionekane peke yangu. Gharib hakuuliza chochote safari hii. Kasema tu kwamba hakujua mama wa Kimali wako wawili.

Doto kaniuliza mama wa Kimali ni nani. Nimemwambia ni mteja.

Jumamosi, 19 Julai

Sendofu. Sijui niandike vipi.

Tulisimama mlangoni, mimi kulia, Doto kushoto, mabega nje. Monika kashuka kwenye gari. Mzuri hadi nikasahau kubana tumbo. Katutazama, macho yake yakaenda mabegani. Katuita sengi, shangazi kwa Kisukuma, kauliza mikono iko wapi.

Nikasema ni fasheni. Kainamisha kichwa. Kasema alipomwona sengi Doto kwenye kichen pati alifurahi, akatumaini kwenye sendofu sote wawili tutayavaa. Kasema kitambaa kile alikichagua mama yake. Asubuhi ya kipaimara mama yake ndiye aliyeipiga pasi mikono yote minne, amesimama, kwa sababu sisi tulikuwa tumechelewa kwenye kusukwa nywele. Kasema alitaka kuingia leo katikati ya mikono ile.

Nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka tu kwamba nilikuwa gumzo. Wifi yangu kapiga pasi, mimi nimekata. Nimelia pale pale mlangoni. Doto kaona nalia, kalia. Monika kalia, poda ikashuka. MC alikuwa ameshaita jina, muziki umeanza. Monika katuwekea mikono mabegani, mmoja huku mmoja huku, pale palipokatwa, tukaingia hivyo watatu, tunalia, hatuoni njia. Wakwe wa Mwanza walisimama wote. Nimesikia mama mmoja akisema hajawahi kuona mashangazi wenye mapenzi kama wale.

Muzdalifa alikuwa meza ya tatu, gauni jeusi, mikono ya kijani. Ilimpendeza. Inaniuma kuandika, lakini ilimpendeza sana.

Jumapili, 20 Julai

Misa, kisha usingizi. Mchana Monika kanipigia mwenyewe. Kasema jana lilikuwa jambo jema, nisijilaumu. Kasema Jumamosi ijayo, harusini Mwanza, nivae nguo yoyote niliyo nayo. Kwake mimi ni mama, haijalishi nimevaa nini. Nimefurahi hadi nikakaa chini.

Halafu nimeanza kufikiri. Yoyote. Yoyote maana yake nini? Kitenge cha kufagilia nacho ni nguo yoyote, lakini je, ndicho? Au ni njia ya adabu ya kusema lile la jana lisionekane tena? Au ni kunipima, aone mwenyewe nitachagua nini? Nimelitoa gauni, nikalitazama. Saa sita lilikuwa zuri. Saa saba sikuwa na hakika. Sasa ni saa kumi na sitaki kulitazama.

Kumuuliza yeye tena haifai. Monika kalelewa vizuri, atanipa jibu la heshima tu. Nitamwambia Doto amuulize kama jambo lake mwenyewe, na mimi nitakaa karibu na simu, kimya, nisikilize.