Vidonge vya Jirani Amoni

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kikohozi, siku ya pili. Zahanati hapa Nkunga, Daktari Rahima akanipima kifua na joto. Mafua tu! Eti yataisha yenyewe ndani ya wiki. Nikadai vidonge vya rangi mbili. Akasema kwa miaka yangu sabini na mbili, kuvimeza bila sababu ni kuharibu tumbo. Ninywe maji. Maji! Mtu wa Rungwe, kwenye mvua na mito kila bonde, nikafuate maji zahanati?

Kibaya zaidi, jirani yangu Amoni, mzee mwenzangu, ametoka na vidonge kumi na tano. Eti yeye ana nimonia. Amoni, ninayemshinda kukohoa!

Jumanne, 10 Juni
Nimempelekea Amoni mkungu wa ndizi, kisha nikakohoa mlangoni mpaka mkewe akaniletea kigoda. Hapa kwetu ukimnyima jirani, habari hufika kanisani kabla yako. Alikuwa amebakiwa na vidonge kumi na viwili. Tumegawana sita kwa sita. Ndaga fijo, asante sana, jirani! Felista, mke wangu, amesema nitaua mtu. Hajui ujirani.

Alhamisi, 12 Juni
Sita vimekwisha. Tangu asubuhi nashinda chooni. Nimemwambia Felista dawa inasafisha. Amecheka, tena kwa sauti.

Ijumaa, 13 Juni
Homa ya Amoni imerudi. Anahema kwa shida. Wamempeleka hospitali Makandana kwa bajaji, na mkewe amenipita bila salamu. Nimeogopa. Naandika ukweli, nimeogopa sana. Amoni akifa nitabishana na nani?

Jumamosi, 14 Juni
Daktari Rahima kaja mpaka nyumbani. Felista kanichongea! Daktari huyo binti akasema dozi ilikuwa ya Amoni hadi kidonge cha mwisho. Tulipoigawa, ugonjwa ukapata nafasi ya kurudi na nguvu. Nikamjibu ujirani haufundishwi chuoni. Akaniuliza tumbo linaendeleaje. Nilikuwa na haraka ya kwenda chooni.

Jumatatu, 16 Juni
Amoni hajambo! Anachomwa sindano, jana kala ugali. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Kikohozi changu nacho kimeisha. Felista ananikumbusha daktari alisema wiki, na leo wiki imetimia. Bahati tu! Ni vile sita.

Hata hivyo nimekaa nikalifikiria kosa langu, na nimeliona. Nilihangaikia vidonge, kumbe wagonjwa wa maana huchomwa sindano. Kesho naamkia Makandana. Nimeshaanza kukohoa, kidogokidogo, ili nifike nimezoea.