Kibuyu cha Maziwa kwa Sajini Athanase

Jumapili, 5 Julai 1953. Ngungu.

Misa ndefu. Jirani Kanyamibwa tena benchi la mbele! Tangu mwanawe awe msaidizi wa mganga, amelikalia kana kwamba amelichonga mwenyewe. Mimi nyuma, mlangoni, pamoja na mbwa wa katekista. Lakini ngoja. Evode, mtoto wa dada yangu Mukandori, yuko shule ya askari. Siku akirudi na galoni begani, ile alama ya cheo, tutaona nani atakaa wapi.

Katekista Gustave katoka Walikale na habari. Evode na wenzake wamepelekwa mazoezi ya msituni, karibu na Itebero. Mkufunzi wao ni Sajini Athanase, mtu mkali wa huko huko. Mwisho wa mwezi atachagua. Wengine watakwenda shule ya makaporali, wengine watarudi nyumbani kulima maharage. Mtoto hana baba. Kama si mjomba wake, nani?

Dada alinisoma usoni palepale. Alisema: "Kaka, muache mutoto. Iko anajifunza muzuri. Ukimuharibia, usikanyage tena kwangu." Bado anakumbuka siku ya kupimwa uzito wa kuingia jeshini, nilipomnywesha Evode maji mengi ili mizani imheshimu. Si alipita? Daktari aliloa kidogo tu.

Nimemwahidi dada kwamba sitafanya lolote. Nimeanza kufikiri.

Jumanne, 7 Julai.

Nimepata! Maziwa! Si pesa, si mbuzi. Maziwa mgando ya ng'ombe wangu Bihogo, katika kibuyu kilichofukizwa vizuri, chenye kifuniko cha kusukwa. Hapa Masisi hakuna mtu anayekataa maziwa. Jina la Evode nitalitaja sajini akishakunywa. Mtu haombwi kitu akiwa na koo kavu.

Mke wangu Pétronille anasema watu wa msituni hawanywi maziwa. Nimemwambia ni kwa sababu hawajapewa. Amecheka mpaka akakaa chini. Wanawake hawaelewi mambo ya jeshi.

Kanyamibwa aliuliza ninakwenda wapi na kibuyu. Sikumwambia kitu. Halafu nikamwambia yote.

Ijumaa, 10 Julai. Njiani.

Kwetu kibuyu cha maziwa hakiwekwi chini ovyo. Ng'ombe atakauka! Basi nimekibeba kifuani kama mtoto mchanga, kupanda, kushuka, kuvuka vijito. Jana mwenye nyumba nilimolala alikuwa na kitanda kimoja tu. Kibuyu kililala kitandani. Mimi sakafuni.

Msituni ni joto. Maziwa yameanza kunguruma. Leo kifuniko kiliruka chenyewe na kumpiga mwanamke mmoja mgongoni. Alinitukana kwa lugha nisiyoijua, nashukuru.

Jumapili, 12 Julai. Itebero.

Nimemwona Evode! Anakimbia na mzigo mgongoni, mweusi wa jua, kifua kipana, masikio makubwa yale yale. Mtoto wangu! Aliponiona alitikisa kichwa kwa nguvu na kunipungia mkono niondoke. Furaha ilimzidi.

Nilijitambulisha kwa Sajini Athanase kama raia anayependa jeshi. Jitu refu! Alichungulia kibuyuni, akauliza ni nani mgonjwa. Nikamweleza kwamba ni ya kunywa. Akasema kwao maziwa ni ya wasio na meno. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba Masisi hata wanaume wakubwa hunywa, ila yahitaji ushujaa. Nilisema hivyo mbele ya makuruti wote. Wakamtazama.

Alikunywa kibuyu kizima bila kupumua. Ushindi! Nikafungua kinywa nitaje jina la Evode. Lakini Sajini alikuwa ameshaanza kukimbia.

Jumatatu, 13 Julai.

Sajini hajatoka chooni. Na leo, bila taarifa, luteni Mzungu kafika kukagua! Makuruti wamesimama kama kuku waliokosa mama. Hakuna wa kuwaamuru. Ndipo mmoja akatoka mstarini, akapiga saluti, akaamuru wenzake. Kushoto! Kulia! Silaha begani! Evode! Nililia wazi, sioni aibu kuliandika.

Kisha luteni akauliza ni nani aliyempa sajini sumu. Wakanileta. Akauliza tena, kwa sauti baridi: mzee huyu ni ndugu wa nani? Ndugu yake afungashe virago leo leo.

Nikaona mguu wa Evode unasogea. Mtoto mwaminifu yule, mjinga kama mama yake, alikuwa anataka kusema kweli!

Nikapiga kelele kabla yake. Nikasema sina ndugu hapa. Mimi ni mchuuzi wa maziwa, nimepotea njia, na hawa vijana wote siwajui, hata huyo mwenye masikio makubwa simjui. Nimedanganya maisha yangu yote bila taabu. Uongo huu unaniuma mpaka sasa.

Adhabu: kuchimba choo kipya. Msimamizi: Evode.

Jumatano, 15 Julai.

Ninachimba. Evode amesimama juu ya shimo na bunduki, ananifokea: "We muzee wa maziwa! Chimba mbio!" Wenzake wanacheka. Machozi yapo machoni mwake, lakini sauti haitetemeki. Sauti gani! Ya kaporali kabisa! Nimechimba kwa fahari.

Jumatatu, 20 Julai. Ngungu.

Nimerudi. Njiani kibuyu kilicheza ndani, kra-kra. Nikakipindua. Biskuti za askari! Evode alizivunja vipande akazipitisha shingoni mwa kibuyu bila mtu kuona. Kwetu chombo cha maziwa hakirudishwi kitupu. Hakusahau, hata kule.

Sikula hata kipande. Nilimpelekea dada yote. Kosa! Nilikuwa nimeapa kwamba nilikwenda kununua chumvi. Alishika biskuti, akaninusa, akaelewa. Akala moja polepole, analia. Kisha akaninyang'anya kibuyu. Alisema nikimsogelea tena mtoto wake, atanivunjia kichwani.

Jumapili, 26 Julai.

Gustave kaleta habari: Evode kachaguliwa! Wa kwanza! Sajini Athanase, aliyekonda sana, kasema kijana aliyeamuru wenzake bila kutumwa atafaa kuwa kaporali. Mukandori alicheza mbele ya kanisa. Nilieleza watu wote kwamba ni maziwa. Bila maziwa, sajini angekuwa mzima, na sajini akiwa mzima nani angemwona Evode? Kanyamibwa alisogea kidogo kwenye benchi. Nafasi ya nusu mtu, lakini nilikaa.

Katika shule ya makaporali, nasikia, mkubwa ni kapiteni Mzungu. Wazungu wanakunywa maziwa, kila mtu anajua. Safari hii haiwezi kuharibika.

Nimeazima kibuyu cha Kanyamibwa. Kikubwa zaidi.