Kuku wa Kiyeyi Waingizwa Jeshini

Ilitangazwa kwa ngoma, kisha kwa Kiingereza, kwamba kuanzia Jumatatu ile, mwaka wa tatu wa Uhuru, kuku wote wa kijiji cha Kiyeyi ni askari. Viwavi walikuwa wamevamia majani ya ng'ombe, dawa ya kunyunyiza haikuwapo, na Kamati ya Ulinzi wa Majani ikakata shauri: kuku waingizwe mashambani wakawale. Kuku wenyewe walikuwa na busara hiyo tangu zamani, ila hawakuwa na kamati.

"Kuku atakayeonekana soko la Busia ni mtoro wa jeshi!" alisema Mwenyekiti, Bwana Egau, amesimama juu ya meza. "Na mtu atakayemla askari, atashika zamu ya marehemu shambani mpaka viwavi waishe. Sheria haina mjomba!"

Watu wakapiga makofi. Apendi, mjane, alipiga pia. Alikuwa na kuku wachache, kishamba cha majani ya tembo, na ng'ombe mmoja mwenye mimba. Kiangazi kilikuwa kinabisha hodi. Majani yale yakiliwa, ng'ombe na ndama wote wamekwenda. Akawafungulia kuku, akawaombea, nao wakafanya kazi kama walioapishwa.

Lakini jeshi lisilokaguliwa si jeshi. Kamati ikaja kukagua. Na huko Kiyeyi mgeni wa heshima halishwi mboga za majani. Huchinjiwa kuku, hata akija bila taarifa. Apendi akachinja. Firigisi akapewa Egau, kwa cheo chake.

"Mama, askari huyu alikuwa mzembe," alisema Egau akitafuna. "Tumemstaafisha."

"Alikuwa anakula viwavi tangu alfajiri, Bwana Mwenyekiti."

"Ee, ndiyo maana amenona."

Viwavi wakapungua, Kamati ikaja kuona walivyopungua. Kuku wakapungua, Kamati ikaja kuchunguza kwa nini. Ikachunguza mpaka mifupa. Viwavi wakarudi kwa fujo, majani yakaanza kubaki vijiti, na ng'ombe akawa anamtazama Apendi bila kupepesa.

Ndipo Egau akamleta Mkubwa wa serikali kutoka Tororo, ajionee ushindi. Apendi alibakiwa na jogoo tu. Akamchinja, akaandaa, akainamisha kichwa. Wote wakainama, nani angekatiza sala ya mjane?

"Ee Baba, asante kwa jogoo huyu wa mwisho. Amewafuata wenzake: tetea mweupe, aliyeliwa na Bwana Mwenyekiti; mama wa vifaranga, aliyeliwa na Kamati siku ya mvua; na yule wa madoadoa, aliyefungwa kwenye baiskeli, kichwa chini, akaenda kukaguliwa nyumbani kwa Bwana Mwenyekiti. Wape wageni wangu nguvu katika zamu ya marehemu, maana sheria ni yao wenyewe, na wao si waongo. Amina."

"Amina," alisema Mkubwa. Akamgeukia Egau. "Zamu ya marehemu ndiyo nini?"

"Kasheria kadogo tu, Bwana. Ka raia."

Mwanakamati mmoja, kwa kuzoea kusaidia, akakariri sheria yote. Mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaisogeza sahani yake polepole.

"Mimi," alisema, "sijala."

Kesho yake Kamati iliingia shambani na tai zake shingoni, ikaokota viwavi kwa vidole. Mchana Apendi akawaletea mboga za majani, kwa kuwa hawakuwa wageni tena.

"Bwana Mwenyekiti, hapo kwenye shina umemruka mmoja."

"Nimemwona, mama."

Waliokota mpaka majani yakachipua na ng'ombe akashiba. Lakini siku ile ya kwanza, jua lilipozama, Egau alinyoosha mgongo akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

"Bado kidogo," alisema Apendi, akiitazama mbingu. "Wenzenu walikuwa hawaachi kazi mpaka nije kuwafungia."